Gamba ni Lile Lile: Nakshi za Chaza za Wabardi wa Australia

Mazungumzo haya niliyatoa Jumamosi jioni, Mji wa Kale, Mombasa, mbele ya mafundi wa nakshi, wavuvi na wanafunzi. Nayaweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Assalaamu alaykum. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, kaka zangu, dada zangu, na nyinyi wanafunzi mliokaa chini kwa kukosa viti, hamjambo?

Kabla sijasema lolote, tazameni mkononi mwangu. Hili ni gamba la chaza. Nimelinunua kwa akina mama wa Fumba, Unguja, wanaoyasugua na kuyafanya mapambo. Halina nakshi hata moja. Nampa babu aliyekaa kiti cha mbele. Babu, litazame, ligeuzegeuze kwenye taa, kisha mpe wa pembeni yako. Naye ampe wa pembeni yake. Mimi nitazungumza, nalo litatembea. Msilikimbize. Tutaliulizia baadaye.

Jambo nililokuja nalo ni moja. Gamba ni lile lile, macho yanayolitazama ndiyo yanayotofautiana. Kuna macho yaliyoona maji. Kuna macho yaliyoona radi. Na kuna macho yaliyoona kifungo cha shati.

Tuanze na lugha yetu wenyewe. Samaki tunamtoa nini kabla ya kumkaanga? Magamba. Nyoka ngozi ikimbana hujivua nini? Gamba. Na chaza, ukishamfungua kwa kisu ukala nyama yake, unabaki na nini mkononi? Gamba. Neno moja kwa nyoka, kwa samaki na kwa chaza. Tumelizoea mno hata hatulisikii tena. Leo nawaomba mlisikie, kwa sababu ng'ambo ya bahari hii kuna watu ambao kwao hilo si suala la msamiati. Kwao gamba la chaza ni gamba la nyoka kwelikweli.

Ukisimama pale ufukweni Mama Ngina ukatazama jua linakotoka, ukayavuka maji yote hadi yaishe, unafika Australia. Kaskazini-magharibi yake kuna nchi iitwayo Kimberley. Kutoka mji wa Broome kwenda kaskazini rasi ndefu inachomoza baharini, rasi ya Dampier. Ncha ya rasi hiyo na visiwa vilivyo mbele yake ni kwa Wabardi na Wajawi, wenyeji wa asili, watu wa bahari kama sisi.

Wavuvi, hili ni lenu. Hapa kwetu bamvua kubwa hupandisha maji mita 4 hivi. Kule maji hupanda mita 10. Kumi! Yakijaa yanameza miamba mizima, na yakipwa yanaiacha wazi, na mikondo kati ya visiwa hukimbia kama mto wa mafuriko. Wabardi waliipita mikondo hiyo juu ya chelezo za fito za mikoko, galwa, wakijua saa ya kwenda na saa ya kurudi. Na wakati wa bamvua, maji yakienda mbali kabisa, ndipo walipotembea mwambani kuokota chaza. Chaza mwenyewe ndiye mkubwa kuliko chaza wote wa lulu duniani. Gamba lake hufika upana wa sentimita 30. Ni sahani ya pilau hiyo! Lulu haikuwa na shani kwao. Walichokithamini ni gamba, kwa ule mng'aro wa ndani, mweupe kama maziwa, ambao ukiugeuza unatoa waridi, kijani na buluu.

Mng'aro huo umetoka wapi?

Wabardi wanasimulia habari za Aalingoon, Nyoka wa Upinde wa Mvua. Aalingoon hutoka kilindini, akapanda, akalala juu ya uso wa bahari kupumzika. Akiwa amelala, magamba yanampukutika. Yanazama moja moja, yakimetameta, hadi chini, na ndiyo hayo watu wanayoyaokota mwambani. Fundi mmoja mkubwa wa kuchora magamba, mzee wa rasi ile ambaye sasa ni marehemu, alikuwa akiisimulia hivyo. Simtaji jina. Katika jamii nyingi za wenyeji wa asili wa Australia jina la aliyefariki huachwa kutajwa kwa muda, na sioni sababu ya kuivunja adabu ya watu kwa kuwa tu wako mbali na hawanisikii.

Mnaona sasa? Mbardi akiinama mwambani haokoti mabaki ya chakula. Anaokota kitu kilichotoka mwilini mwa mwenye maji. Mwenye mvua, mwenye mawimbi, mwenye upinde ule unaotokea mbinguni mvua ikikata. Ndiyo maana gamba hili, popote litakapofika, na nitawaambia lilifika mbali kiasi gani, watu waliliona ni maji. Maji yaliyoganda, unayoweza kuyashika bila kumwagika.

Mafundi wa nakshi, sasa ni zamu yenu, na hapa sitafanya haraka.

Mimi ni mtoto wa fundi wa milango. Nimekua nikilala juu ya vumbi la mvule. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipoliona gamba la Wabardi lenye nakshi, ndani ya kabati la kioo la makumbusho huko Ulaya, sikuisoma karata iliyoandikwa chini. Niliutazama mkono wa fundi. Niliinama pale hadi mlinzi akanisogelea kuuliza kama niko salama.

Gamba tupu, lililosafishwa bila kuchorwa, Wabardi huliita guwan. Likishatiwa nakshi linakuwa riji. Kazi inaanzia nje: mgongoni chaza ana gome la kahawia, la tabaka tabaka, gumu, limejaa viota vya viumbe vya baharini. Lote litoke. Fundi husugua kwenye jiwe hadi mng'aro utokeze mgongoni nako, na kingo zilainike zisimkate mvaaji. Hutoboa tundu upande wa juu, pale magamba mawili yalipoungana. Kisha anachora. Zamani alichora kwa ncha ya jiwe, na chuma kilipofika akatumia msumari, tupa, hata bisibisi iliyonolewa. Huko hakuna nafasi ya pili. Ubao ukikosea unaweza kuuchonga chini kidogo ukaficha kosa. Gamba halifichi kitu. Mstari ukiteleza umeteleza.

Nakshi ikiisha anachukua ngeu. Naam, fundi, umesikia vizuri, ngeu! Udongo mwekundu kama ule mnaopigia mistari kwenye mbao. Anauchanganya na mafuta, anaupaka gamba zima, halafu anapangusa. Usoni unatoka. Ndani ya mifereji unabaki. Na papo hapo nakshi inafumbua macho: mistari myekundu juu ya uso wa mwezi.

Mistari gani? Nakshi za kale hazina mnyama wala mtu. Ni mistari inayokwenda sambamba, ikapinda kwa pembe, ikarudi, ikaingia ndani ya mistari ya jirani yake kama meno ya funguo mbili zilizokaribia kushikana. Haikutani. Baina yake huachwa njia, na macho yako yakiifuata njia hiyo hayaoni pa kutokea. Wapo wanaoona humo maji yakipwa, vile vijito vinavyobaki vikitafuta njia kati ya mafungu ya mchanga. Wapo wanaoona radi. Baadaye, meli za wageni zilipoanza kutia nanga, wachoraji wengine walichora watu, wanyama na majahazi. Nazo ni nzuri. Lakini mimi nikiulizwa, narudi kwenye zile za kale kila mara. Baba alikuwa akitufunza kwamba kazi ya fundi iko kwenye kile alichokiacha bila kukigusa, na sikuwahi kuielewa kauli hiyo vizuri kama nilivyoielewa mbele ya lile kabati.

Riji ilivaliwa na nani? Na wanaume waliokwisha kutiwa jando. Ilining'inia mbele, chini ya kitovu, kwenye mshipi wa kamba iliyosokotwa kwa nywele za watu. Fikirini usiku wa ngoma. Moto unawaka. Wachezaji wamepakwa mafuta na rangi. Kila mmoja akigeuka, gamba linaudaka ule moto na kuurusha gizani, mara huku, mara kule. Aliye mbali haoni gamba. Anaona umeme wa mvua ukipiga kiunoni mwa mtu.

Na hapa nitanyamaza kidogo. Mengi yanayohusu magamba haya ni ya jandoni. Kuna maandishi ya zamani ya wageni yaliyoanika mambo ambayo wenyewe hawakuyatoa hadharani, na nimekutana nayo, nikayafunga. Sisi tunaojua maana ya jando na unyago tunahitaji kuelezwa zaidi? Hapana. Ninayowaambieni leo ni yale tu ambayo wenyewe wanayasema mbele za watu.

Haya, lile gamba letu limefika wapi? Safu ya tatu? Vizuri. Babu wa mbele, bado unalo? Huna tena. Uko sawa?

(Alijibu kwamba mkono umebaki baridi. Watu wakacheka, nami nikalipokea jibu hilo kwa shukrani.)

Sasa lifuateni gamba la Wabardi likiondoka pwani. Hakuna ngamia. Hakuna farasi. Hakuna gurudumu. Kuna mguu na mkono. Katika Kimberley kuna utaratibu wa kale wa kupeana uitwao wunan. Msidhani ni soko. Hakuna bei inayopigiwa kelele. Kila mtu anao watu wake wa kuwapa na watu wake wa kupokea kwao, na vitu hufuata njia za udugu, ukoo kwa ukoo, nchi kwa nchi. Kutoka pwani yalikwenda magamba. Kutoka bara zilikuja ncha za mikuki za jiwe zilizochongwa zikawa nyembamba kama jani, ngeu, bumarangi (zile fimbo za kurusha zilizopinda), kamba za nywele. Aliyepokea gamba alilikalia muda, akalitumia, akampa anayestahili. Huyo naye akampa mwingine.

Mnajua yalifika wapi? Magamba ya Kimberley yalivuka jangwa la kati la Australia na kufika pwani ya kusini, kwenye ile ghuba kubwa iitwayo Great Australian Bight. Zaidi ya kilomita 1,500! Shika barabara kutoka hapa Mombasa, upite Nairobi, upite Kampala, uende mpaka Kigali. Umbali wa namna hiyo, mkono kwa mkono, na kila mkono ulijua mkono uliotangulia.

Njiani gamba lilibadilika jina. Huko bara wengi huliita jakuli. Na kadiri lilivyozidi kuingia nchi kavu ndivyo lilivyozidi kuwa zito. Si kwa uzani. Hebu fikirini: mtu amezaliwa jangwani, kazeeka jangwani, bahari hajaiona na hataiona. Katika lugha ya Wawalmajarri wa Great Sandy Desert kuna neno jila, kisima kisichokauka, ambamo anaishi nyoka mleta mvua. Mtu huyo anaishi kwa jila. Siku moja mikononi mwake kinatua kitu kinachong'aa kama maji, kilichotoka kwenye maji yasiyo na mwisho, kimepita mikono isiyohesabika hadi kumfikia. Atakifanyia nini? Atakipeleka kwenye ibada ya kuomba mvua. Na ndivyo walivyofanya. Wazee wenye elimu ya mvua ndio walioyashika, nayo yalihifadhiwa, yakafungwa, yakafichwa, yakatolewa kwa kazi yake.

Lakini ninayoipenda zaidi ni hadithi ya Waarrernte, watu wa Alice Springs, katikati kabisa ya nchi. Mwishoni mwa karne ya 19 watafiti wawili, Baldwin Spencer na Francis Gillen, waliandika namna wanaume wa huko walivyolitumia gamba hili, waliloliita lonka-lonka. Mwanamume aliyempenda mwanamke alilichukua gamba lake pembeni akaliimbia. Aliliimbia ili umeme wa radi uingie ndani yake ukae. Kisha alilivaa kwenye mshipi akaenda ngomani. Wote waliokuwepo waliona gamba. Yule mwanamke peke yake aliona radi, na moyo ukamwishia.

Akina mama mnacheka! Nasi tunazo zetu, tusijifanye hatujui. Lakini angalieni kilichotokea. Pwani gamba lilikuwa mwili wa nyoka wa maji. Jangwani likawa mvua. Alice Springs likawa radi ya mahaba. Maana zake zilitofautiana, lakini hakuna hata mmoja kati ya watu hao aliyeliona ni kitu kisicho na uhai.

Mpaka alipokuja mwenye macho ya tatu.

Kuanzia miaka ya 1860 wafanyabiashara wa kizungu walianza kuvuna chaza katika pwani ya Australia Magharibi. Mji wa Broome ulianzishwa mwaka 1883, na kufikia mwaka 1914 bandari yake ilikuwa na majahazi ya chaza karibu 400. Walitafuta lulu? Lulu ilikuwa bahati tu. Fedha ilikuwa kwenye gamba. Lilipakiwa makasha kwa makasha kwenda London na New York, likakatwa vijiduara, vijiduara vikatobolewa, vikawa vifungo vya mashati.

Nani alipiga mbizi? Kabla nguo za kuzamia hazijafika, kabla hawajaletwa wazamiaji kutoka Japani na visiwa vya kusini-mashariki ya Asia, walioteremka chini kwa pumzi zao ni wenyeji wa asili, wanaume kwa wanawake. Wengi hawakuajiriwa. Walikamatwa nchi kavu, wakapelekwa majahazini kwa nguvu. Mwaka 1871 koloni ilitunga sheria ya kuratibu kazi ya wenyeji katika uvunaji wa chaza, na sheria hiyo, kuanzia kwenye jina lake tu, ilipiga marufuku kuwatumia wanawake. Jiulizeni: nani anatunga sheria ya kukataza jambo lisilofanyika? Leo pale Broome kuna sanamu ya mwanamke mja mzito akichomoza kutoka majini, mikono juu, ameshika gamba. Mja mzito, jamani.

Na sisi watu wa pwani hii tusisikilize habari hii kama ya wengine. Katika karne hiyo hiyo ya 19 watoto na vijana wa Afrika Mashariki walipakiwa majahazini kwenda Ghuba ya Uajemi, na wengi wao huko walifanywa wazamiaji wa lulu. Bahari ile ile, kazi ile ile, pumzi ile ile inayokatika. Kuna nyumba hapa Mombasa ambazo mtu wao alikwenda na hakurudi, na jina lake halijulikani. Nilipokuwa nikisoma juu ya Broome nilijikuta nasoma juu yao.

Sasa lipimeni hili. Gamba ambalo kijana wa Kibardi hakuruhusiwa kulivaa hadi apite jando, gamba ambalo mzee wa jangwani alilifungua kwa kazi ya mvua tu, linachimbwa na mjukuu wao akiwa mateka, ili karani mmoja London afunge shati lake. Na kifungo kikikatika uzi, kinafagiliwa na taka.

Gamba ni lile lile!

Vifungo vya plastiki ndivyo vilivyoiua biashara ile baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1956 lulu za kufugwa zikaanza kule Kuri Bay, na ndizo zinazouzwa hadi leo. Hayo ni ya wafanyabiashara, sitakaa nayo.

Nitakaa na Wabardi na Wajawi, maana hawakuondoka. Walikwenda mahakamani kudai nchi yao na bahari yao. Mwaka 2005 walipata sehemu. Hukumu hiyo iliwatazama kama jamii mbili tofauti, ikaviacha nje visiwa vya Wajawi. Wakakata rufaa. Mwaka 2010 majaji wa rufaa wa Mahakama ya Shirikisho wakakubali kwamba Wabardi na Wajawi ni jamii moja yenye sheria moja, na haki ikavuka maji hadi visiwani. Wanafunzi wa sheria mlio hapa, kaisomeni. Ni kesi inayofundisha kwamba mila ni ushahidi.

Mwaka 2019 makumbusho ya jimbo la Illinois, Marekani, yalirudisha vitu 42 kwa Waarrernte na Wabardi na Wajawi. Nataka mlifikirie lile kasha likifunguliwa nyumbani. Sitaongeza neno.

Na kazi inaendelea. Pale Lombadina, kwenye rasi ile ile, Garry Sibosado anachora magamba ya chaza, na moja ya kazi zake kubwa za magamba ameipa jina la Aalingoon. Darrell Sibosado naye amezichukua nakshi za riji akazikuza kwa chuma na taa, zikawa kubwa kuliko mlango wowote uliowahi kuchongwa Lamu. Nilipoziona picha zake usiku, mistari ikiwaka ukutani, niliielewa ile ngoma ya gizani niliyowasimulia. Wapo watakaosema taa si gamba. Mimi nasema fundi ameuona umeme uliokuwa ndani yake tangu mwanzo, akautoa nje.

Haya. Muda umekwisha, na muadhini hatatungoja. Lile gamba letu liko wapi?

Nyuma kabisa? Mlangoni? Nani analo? Inua mkono nikuone, mwanangu. Umelipokea kwa nani? Kwa dada huyo. Naye kwa nani? Kwa mzee wa kofia. Naye? Endeleeni, tajaneni kwa sauti, mmoja mmoja, mpaka lifike huku mbele kwa babu.

(Walitajana. Ilichukua muda, na wawili hawakuwa wakijuana majina ikabidi waulizane hapo hapo.)

Mwanangu, usinirudishie. Hapo nje barazani kuna watu waliokosa nafasi. Mpe wa karibu yako.